Injenoli mebutati: jeli ya kuzuia saratani ya ngozi iliyokuja kushukiwa kuileta

Tarehe 17 Januari 2020, kamati ya usalama wa dawa ya Wakala wa Dawa wa Ulaya ilisimamisha matumizi ya jeli iitwayo Picato, na haukupita mwezi, tarehe 11 Februari, kibali chake cha kuuzwa katika Umoja wa Ulaya kikafutwa kwa ombi la kampuni iliyokuwa ikikimiliki. Jeli hiyo ilikuwa ikipakwa juu ya mabaka makavu na ya kukwaruza ambayo huota kwenye ngozi iliyochomwa na jua kwa miaka mingi, mabaka ambayo baadhi yake, yakiachwa, hugeuka kuwa saratani. Ilikuwa, basi, dawa ya kuiwahi saratani kabla haijaanza. Iliondolewa sokoni kwa sababu watu walioipaka walionekana kupata saratani ya ngozi katika eneo lile lile walilopaka kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao waliopewa dawa nyingine.

Kiini cha jeli hiyo ni kemikali iitwayo injenoli mebutati, ambayo hupatikana katika utomvu mweupe wa kimmea kidogo kinachojulikana kitaalamu kama Euphorbia peplus. Nimekuwa nikiifuatilia habari yake tangu nikiwa mwanafunzi wa famasia, na leo ninaifuatilia kwa sababu iliyo karibu zaidi: ninafanya kazi katika duka la dawa huku Kanda ya Ziwa, ambako karibu kila mji wa kijijini umezungushiwa ua wa mnyaa, na mnyaa ni ndugu wa ukoo mmoja na kimmea hicho. Wateja huniuliza kuhusu utomvu wake. Wapo wanaotaka niwaambie kwamba ni dawa ambayo wazungu wameiiba, na wapo wanaotaka niwaambie kwamba ni ushamba mtupu. Habari ya injenoli mebutati haimpi ushindi yeyote kati ya hawa, na ndiyo maana nimeona inafaa kuisimulia kwa kirefu.

Euphorbia peplus ni gugu la bustanini, lenye urefu usiozidi sana kifundo cha mguu, ambalo asili yake ni Ulaya, Afrika Kaskazini na Asia ya magharibi, na ambalo limesambaa na wahamiaji hadi Australia. Huko Australia, na hasa katika jimbo la Queensland, lilikuta mazingira ya pekee. Watu wengi wa huko wana asili ya Ulaya ya kaskazini, ngozi zao zina rangi kidogo ya kujikinga, na jua lao ni kali kama la kwetu. Matokeo yake ni kwamba takriban Waaustralia wawili kati ya watatu hugunduliwa kuwa na saratani ya ngozi ya aina fulani kabla ya kufika umri wa miaka 70. Katika nchi ya namna hiyo, mtu akiona kijibaka kwenye pua au mkononi hangoji kuelezwa ni nini. Watu walikuwa wakivunja shina la gugu hili, wakidondosha utomvu wake juu ya kibaka, nacho kinawasha, kinavimba, kinafanya gaga na kubanduka. Mwaka 1976 jarida la kitabibu la Australia lilichapisha taarifa fupi ya madaktari kuhusu matibabu hayo ya nyumbani dhidi ya saratani ya seli basali, ambayo ndiyo saratani ya ngozi inayowapata watu weupe kwa wingi zaidi na ambayo kwa kawaida haisambai mbali.

Utafiti wa kwanza ulioupima utomvu wenyewe kwa wagonjwa kwa utaratibu unaoeleweka ulichapishwa mwaka 2011 katika jarida la madaktari wa ngozi la Uingereza. Walikuwapo wagonjwa 36 wenye uvimbe 48, watu ambao matibabu ya kawaida yalikuwa yameshindikana kwao, au hayakuwafaa, au wao wenyewe walikuwa wameyakataa. Daktari aliwapaka utomvu mara moja kwa siku, siku tatu mfululizo. Baada ya mwezi mmoja, saratani za seli basali 28 zilizotibiwa zilikuwa zimetoweka machoni kwa asilimia 82. Zile 16 ambazo zilikuwa bado hazijavuka tabaka la juu la ngozi, kwa asilimia 94. Na zile nne za seli bapa, ambazo ndizo aina ya hatari zaidi kati ya hizi tatu, kwa asilimia 75.

Mtu akiishia hapo, ana kila sababu ya kukimbilia bustanini. Lakini watafiti hao hawakuishia hapo. Waliendelea kuwafuatilia wagonjwa wao kwa wastani wa miezi 15, na walipohesabu upya, asilimia 82 ilikuwa imeshuka kuwa 57, asilimia 94 imekuwa 75, na asilimia 75 imekuwa 50. Ngozi ilikuwa imepona juu, na chini yake, kwa wagonjwa wengi, kuna kitu kilichobaki. Ninawaomba wasomaji waziangalie tarakimu hizo mbili mbili, ya mwezi mmoja na ya miezi 15, kwa sababu yote yaliyokuja kuipata dawa hii yamo katika pengo lililo kati yake. Hata hivyo, sitaki nionekane ninaudharau utomvu huo. Kuondoa nusu ya uvimbe wa saratani kwa kupaka maji ya gugu siku tatu si jambo dogo, na kwa watu ambao hawakuwa na njia nyingine lilikuwa jambo kubwa.

Wakati utafiti huo unachapishwa, biashara ilikuwa imeshatangulia. Kampuni ndogo ya Brisbane iitwayo Peplin, iliyoanzishwa na mtaalamu wa baiokemia Jim Aylward, ilikuwa imekwisha kuitenga injenoli mebutati kutoka katika utomvu na kuigeuza kuwa jeli, na mwaka 2009 kampuni ya LEO Pharma ya Denmark ikainunua Peplin kwa dola milioni 287.5 za Kimarekani. Marekani iliidhinisha jeli hiyo mwezi Januari 2012, na Ulaya mwezi Novemba mwaka huo huo. Idhini haikuwa ya kutibu saratani. Ilikuwa ya kutibu yale mabaka ya jua tu, kwa kipande cha ngozi kisichozidi sentimita za mraba 25: jeli yenye nguvu ya asilimia 0.015 kwa uso na kichwa, siku tatu mfululizo, na yenye asilimia 0.05 kwa kiwiliwili, mikono na miguu, siku mbili tu.

Siku mbili au tatu! Mtu asiyewahi kutoa krimu za aina hii dukani anaweza asielewe uzito wa jambo hilo. Krimu ya fluorourasili, ambayo ni ya zamani na inajulikana kwa kazi yake, hupakwa kwa wiki kadhaa, na katikati ya wiki hizo uso wa mgonjwa hugeuka mwekundu, ukachubuka na kutoa maji, hata mtu akaona haya kwenda kazini. Wengi huacha nusu ya njia. Dawa inayomaliza kazi kabla mgonjwa hajaichoka ina faida ambayo haionekani katika maabara lakini inaonekana sana kwenye kaunta. Majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba, ilipofika siku ya 57, mabaka yalikuwa yameondoka kabisa kwa asilimia 42.2 ya waliopakwa dawa usoni au kichwani, dhidi ya asilimia 3.7 ya waliopakwa jeli tupu. Kwa sehemu nyingine za mwili ilikuwa asilimia 34.1 dhidi ya 4.7. Sitaki kuzichambua sana takwimu hizi, ila nitasema kwamba siku ya 57 ni takriban miezi miwili, na miezi miwili iko karibu zaidi na ule mwezi mmoja wa utomvu kuliko na ile miezi 15.

Upande wa viwandani nao una kisa chake, ambacho nitakipitia haraka. Kemikali hii hupatikana kwa uchache sana katika mmea, kiasi cha miligramu moja hivi kwa kila kilo, kwa hiyo kuivuna mashambani lilikuwa jambo la gharama. Mwaka 2013 timu ya mkemia Phil Baran, wa taasisi ya Scripps nchini Marekani, ilitangaza katika jarida la Science kwamba imeijenga injenoli, yaani uti wa mgongo wa kemikali hiyo, katika hatua 14 kwa kuanzia na kitu cha bei nafuu kinachopatikana katika mafuta ya misonobari. Wakemia waliishangilia kazi hiyo, na walikuwa na haki.

Sasa tuje kwenye namna dawa hii inavyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo shaka ilipokuwa imelala tangu mwanzo. Injenoli mebutati hufanya mambo mawili kwa mfuatano. Kwanza, ndani ya saa chache huzivimbisha mitokondria, yaani vinu vya nishati, za seli zilizo karibu na kuzipasua, seli zikafa. Pili, katika siku zinazofuata huita chembe nyeupe za damu kwa wingi, nazo huja kufagia seli zilizobaki. Uwekundu, uvimbe na gaga ambavyo mgonjwa huviona ni alama za hatua hii ya pili. Kinachoiwasha ni kundi la vimeng'enya vya ndani ya seli liitwalo protini kinasi C, ambalo kazi yake ya kawaida ni kupokea ishara kutoka nje na kuiamuru seli ikue, igawanyike, au wakati mwingine ife.

Kundi hilo la vimeng'enya lina historia yake katika utafiti wa saratani ya ngozi, na historia hiyo haianzii kwenye tiba hata kidogo. Mwaka 1941 mtafiti Isaac Berenblum, akiwa Oxford, alionyesha kwamba mafuta ya mbegu za mmea wa Croton tiglium huongeza nguvu ya kemikali nyingine kuleta saratani kwenye ngozi ya panya. Miaka michache baadaye, yeye na Philippe Shubik wakaupanga mchezo huo kuwa na hatua mbili zilizo wazi. Panya hupakwa mara moja tu kiasi kidogo cha kemikali inayoharibu chembe za urithi, kiasi ambacho peke yake hakileti uvimbe wowote wa maana. Kisha hupakwa mafuta ya krotoni mara kwa mara, kwa wiki nyingi, na uvimbe huanza kuchomoza. Ukigeuza mpangilio, ukaanza na krotoni na kumalizia na ile nyingine, uvimbe hautokei. Mafuta hayo, kwa hiyo, hayaianzishi saratani. Huiamsha ile iliyokwisha kupandwa. Katika miaka ya 1960 Erich Hecker wa Heidelberg, Ujerumani, aliitenga kemikali iliyohusika, moja ya jamii iitwayo esta za foboli, na mwaka 1982 maabara ya Yasutomi Nishizuka ya Kobe, Japani, ikaonyesha kwamba esta hizo zinafanya kazi yao kwa kuiwasha protini kinasi C.

Msomaji ameshaona ninakoelekea. Krotoni na gugu la Australia ni wa ukoo mmoja wa mimea yenye utomvu unaochoma, injenoli na foboli zina maumbo yanayokaribiana, na zote mbili hubonyeza swichi ile ile. Na ngozi yenye mabaka ya jua si ngozi safi: ni ngozi ambayo jua limekwisha kuifanyia ile hatua ya kwanza ya Berenblum, kwa miaka 30 au 40. Kumpaka mtu wa namna hiyo kemikali ya jamii hii ni kuliingia swali ambalo wataalamu wa panya walikuwa wamelijua kwa miaka 70.

Watetezi wa dawa walikuwa na jibu, na lilikuwa jibu la maana. Walisema kwamba kuiamsha saratani kunahitaji kupaka kwa kurudia, wiki baada ya wiki, ilhali jeli yao hupakwa siku mbili au tatu basi. Na kwamba seli zenye kasoro hufa katika hatua ya kwanza, hivyo hakuna kitakachobaki cha kuamshwa. Wakala wa Ulaya alilisikia jibu hilo mwaka 2012 akatoa kibali, lakini kwa sharti kwamba kampuni ifanye utafiti wa miaka mitatu kulinganisha jeli hii na krimu ya imikwimodi, dawa nyingine ya mabaka hayo hayo. Mimi binafsi ninaona sharti lilikuwa sahihi na mpangilio wa mambo haukuwa sahihi. Swali lilikuwa limeandikwa katika karatasi za kibali chenyewe, na bado dawa ikauzwa kwa zaidi ya miaka saba kabla jibu halijafika. Najua kuna watakaosema kwamba kusubiri miaka mitatu ni kuwanyima wagonjwa dawa. Ningekubaliana nao kama mabaka ya jua yangekuwa yanaua kwa haraka na kama dawa nyingine zisingekuwapo. Yote mawili hayakuwa hivyo.

Dalili zilianza kudondoka moja moja. Mwaka 2015 mamlaka ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mzio mkali, mkanda wa jeshi, na majeraha ya macho kwa watu walioitumia jeli kinyume cha maelekezo. Kisha likaja jaribio la wiki nane lenye wagonjwa 1,262, ambamo uvimbe wa ngozi ulionekana kwa asilimia 1.0 ya waliopakwa dawa na asilimia 0.1 ya waliopakwa jeli tupu. Ndugu yake wa karibu, injenoli disoksati, ambayo kampuni hiyo hiyo ilikuwa ikiiandaa, ilipimwa katika majaribio manne yenye wagonjwa 1,234; uvimbe wa ngozi ukatokea kwa asilimia 7.7 dhidi ya 2.9. Na hatimaye ukaisha ule utafiti wa sharti, wenye wagonjwa 484. Katika miaka mitatu, asilimia 3.3 ya waliopakwa injenoli mebutati walipata saratani ya ngozi, hasa ya seli bapa, na waliopakwa imikwimodi walikuwa asilimia 0.4. Kwa hesabu ya haraka, kama makundi yalilingana, hiyo ni takriban watu wanane kwa mtu mmoja.

Watu wanane si wengi, na hapa ndipo panapohitaji uangalifu. Mtu anaweza kusema kwamba ngozi ile ilikuwa mbovu tangu awali, hivyo saratani zingetokea tu. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu wagonjwa waligawanywa kwa kura, na ubovu wa ngozi uligawanyika pamoja nao. Hoja yenye nguvu zaidi ni nyingine: huenda injenoli haikuleta saratani yoyote, bali imikwimodi ndiyo iliyozuia, na pengo lile linapima wema wa dawa moja badala ya ubaya wa nyingine. Kama tungekuwa na utafiti huo mmoja pekee, ningesema hatujui. Lakini katika lile jaribio la wagonjwa 1,262, na katika majaribio ya injenoli disoksati, mlinganisho ulikuwa na jeli tupu isiyomkinga mtu na chochote, na mshale ulielekea upande ule ule. Hivyo ndivyo kamati ya Ulaya ilivyopima ilipohitimisha kazi yake mwezi Aprili 2020 kwamba madhara yanazidi faida, na iliwashauri wagonjwa waliokwisha kuitumia waichunguze ngozi yao na kumwona daktari wakiona mabadiliko yoyote.

Faida yenyewe, hata hivyo, ilikuwa imekwisha kupata pigo mwaka mmoja kabla. Mwaka 2019 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio lililowalinganisha wagonjwa 624 waliopewa matibabu manne tofauti, na wakawapima baada ya mwaka mzima badala ya miezi miwili. Krimu ya fluorourasili ilifanikiwa kwa asilimia 74.7, imikwimodi 53.9, tiba ya mwanga 37.7, na injenoli mebutati ikashika mkia kwa asilimia 28.9. Ile krimu ya zamani inayomtia mtu haya kwa wiki kadhaa iliishinda jeli ya siku tatu kwa mara mbili na nusu. Katika historia yote hii, hilo ndilo jaribio ninalolipenda zaidi, kwa sababu lilifanywa na watu wasiokuwa na jeli ya kuuza.

Nirudi sasa kwenye mnyaa. Si muda mrefu uliopita, bibi mmoja alikuja dukani na mjukuu wake, kijana mwenye ualbino, aliyekuwa na kidonda kikavu juu ya sikio, chenye gaga gumu la rangi ya manjano lililoinuka kidogo na kutoa damu pembeni. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia: "Dokta, hiki kimekataa kupona tangu masika. Nilitaka nikikaushe kwa mnyaa, maana mimi mwenyewe ulinitoa sugu kidoleni, lakini mama yake akasema tukuulize kwanza." Sikumwambia kwamba mnyaa hauna nguvu, kwa sababu una nguvu na yeye alikuwa ameiona. Nilimweleza kwamba kidonda cha namna ile kwa mtu mwenye ualbino kinaweza kuwa saratani ya seli bapa, ambayo ndiyo inayowapata zaidi ndugu zetu wenye ualbino Afrika. Kwamba utomvu ungekiunguza juu, kikafunga gaga na kuonekana kimepona, huku mzizi wake ukiendelea kushuka. Na kwamba jambo la kwanza ni akatwe kinyama kidogo kipimwe hospitali. Niliwaandikia karatasi ya kuwapeleka huko.

Utomvu wa mnyaa, ambao kitaalamu ni Euphorbia tirucalli, una esta za jamii ile ile ya foboli. Kila mtu aliyekulia huku anajua kwamba ukiingia jichoni unaweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa, na wavuvi wa zamani waliutumia kulevya samaki. Lisilojulikana sana ni kwamba watafiti wameushuku pia katika saratani nyingine kabisa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya unaowapata watoto wa ukanda huu wetu wenye malaria nyingi, na mwaka 1964 virusi vya Epstein-Barr vikagunduliwa ndani ya seli zake. Maabara zimeonyesha kwamba utomvu wa mnyaa unaweza kuviamsha virusi hivyo vikiwa vimelala ndani ya seli, na kwa sababu hiyo mmea huu umetajwa kuwa huenda ni msaidizi wa ugonjwa huo. Haijathibitishwa kwa binadamu, na sisemi watu wakang'oe nyua zao. Ua wa mnyaa uliosimama haumdhuru mtu. Ninasema tu kwamba kuupaka kwenye ngozi iliyokwisha kuumizwa na jua ni kurudia jaribio la Ulaya bila kipimo, bila kura na bila mtu wa kuhesabu baada ya miaka mitatu.

Kwa mabaka ya jua yenyewe, hospitali zenye kliniki ya ngozi huyagandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, au hutoa ile krimu ya fluorourasili, na uvimbe uliokwisha kuwa saratani huondolewa kwa upasuaji. Kwa kinga, wenye ualbino nchini wana losheni ya Kilisun, ambayo hutengenezwa Moshi katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, na ambayo ilibuniwa mahususi kwa ajili yao. Kofia pana na shati la mikono mirefu ni vya bei nafuu kuliko vyote hivyo na havihitaji kibali cha mtu yeyote.

Jamii hii ya kemikali, lakini, haijafungiwa mlango. Katika misitu ya mvua ya Queensland hiyo hiyo kuna mti uitwao Fontainea picrosperma, na kutoka katika mbegu zake imetolewa tigilanoli tiglati, ambayo nayo huiwasha protini kinasi C. Mwaka 2020 iliidhinishwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya mbwa wenye uvimbe wa ngozi wa seli za masti, aina ya chembe za kinga zilizomo ndani ya ngozi, na kwa binadamu bado iko katika majaribio. Tofauti yake na Picato ni kwamba haipakwi juu ya uwanja mpana wa ngozi iliyochakaa. Hudungwa kwa sindano katikati ya uvimbe mmoja unaojulikana, nao huoza na kudondoka, ukaacha shimo linalojiziba lenyewe. Picha za mbwa kabla na baada zinavutia sana, na nimeona watu wakizisambaza mitandaoni pamoja na maneno ya kushangilia. Mimi nitakachokitafuta katika taarifa za binadamu zitakapotoka ni safu moja tu ya jedwali, ile inayoonyesha ngozi ya kando ya shimo ilikuwaje mwaka wa tatu.